Ng'ombe 14 wa Enoosaen: uchambuzi wa rambirambi kwa mfiwa usiyemjua

Mwanzoni mwa Juni 2002, mmoja wa maofisa wa juu wa ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, William Brencick, alifunga safari hadi Enoosaen, kijiji cha Wamaasai huko Trans Mara, kusini-magharibi mwa Kenya, si mbali na mpaka wa Tanzania. Hakwenda kuzindua kisima wala kukagua zahanati. Alikuwa ameitwa kupokea rambirambi. Mamia ya watu walikusanyika uwanjani wamejitanda mashuka mekundu, wazee wakawaombea ng'ombe baraka kwa desturi yao, kisha ng'ombe 14 wakakabidhiwa kwake kwa ajili ya wananchi wa Marekani waliofiwa katika mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001.

Kisa hiki nimekisikia kikisimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara msimulizi anatabasamu: wafugaji wa kijijini wameipa ng'ombe nchi tajiri kuliko zote duniani. Tabasamu hilo huwa linaniuma. Linamfanya mtoaji aonekane mtoto, wakati mimi naona aliyekwama siku ile alikuwa mpokeaji. Ndiyo maana nakirudia hapa hatua kwa hatua: nani alijua nini, nani alitoa nini, zawadi ilipofika mikononi mwa mwenyewe ikafanywa nini.

Habari ilivyofika

Aliyebeba habari alikuwa Kimeli Naiyomah, kijana wa hapo hapo Enoosaen, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyekuwa na nia ya kuwa daktari. Siku ya mashambulizi alikuwa New York. Watu 2,977 waliuawa siku ile kwenye majengo pacha, Pentagon na ndani ya ndege nne, na yeye alikuwa katika jiji lililofunikwa na vumbi lake.

Aliporudi nyumbani miezi kadhaa baadaye, alikuta wengi hawajui kwa undani yaliyotokea. Si kwamba hawakuwa na habari kabisa. Redio ilikuwa imesema. Lakini umeme ulikuwa bado mgeni pale, na picha ambazo sehemu kubwa ya dunia ilizitazama usiku na mchana kwenye televisheni, wao hawakuziona. Kuna tofauti kubwa kati ya kusikia kwamba jengo limeshambuliwa mahali fulani na kuelezwa na mtoto wako mwenyewe kwamba lilikuwa refu kiasi kwamba watu waliojirusha kukimbia moto walikufa kwa kuanguka. Naiyomah aliwaeleza hivyo, akiwa ameketi nao. Wazee waliomsikiliza walikuwa watu waliomlea.

Hapa pana jambo la kuliangalia kwa makini. Mashambulizi yalikuwa na miezi minane. Duniani kote hisia za wiki zile za mwanzo zilikuwa zimeshapoa, maua yamenyauka kwenye milango ya balozi, na serikali zilikuwa tayari zinazungumzia vita. Enoosaen msiba ulikuwa ndio kwanza umefika. Kwetu mtu aliyekuwa safarini akirudi na kukuta jirani alifiwa wakati hayupo, hasemi muda umepita. Ataweka mzigo chini, atakwenda kutoa pole.

Ndivyo ilivyokuwa. Naiyomah aliwaomba wazee baraka, kwa kuwa alitaka kutoa ng'ombe wake awafariji Wamarekani. Wazee wakakubali, na wengine wakaongeza wa kwao mpaka wakafika 14.

Uzito wa ng'ombe mmoja

Asiyefuga anaweza kudhani ng'ombe ni pesa yenye miguu. Kwa Mmaasai ng'ombe ni maziwa ya mtoto leo asubuhi, ni mahari, ni kafara ya sherehe ya rika, ni akiba ya mwaka wa njaa. Ana jina lake, na mwenyewe humtambua kwa rangi, kwa pembe na kwa mama aliyemzaa. Jioni mifugo inaporudi bomani mzee hasimami kuhesabu moja, mbili, tatu. Anawaangalia tu, na asiyekuwepo anajulikana mara moja kama mtoto aliyekosekana mezani.

Mnyama pia ndiye anayefunga urafiki. Watu wawili waliopeana mnyama wanaweza kuacha majina yao ya kawaida wakawa wanaitana kwa jina la mnyama waliyepeana. Kila wanapoamkiana, zawadi inatajwa. Na mfugaji mwenye busara hawaweki ng'ombe wake wote katika boma moja. Huwagawa kwa marafiki na wakwe walioko mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, usiwamalize wote. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na ng'ombe ambaye hamwoni kwa miezi, anayelishwa na kukamuliwa na mwingine, na bado ni wake. Jambo hili tulishike, tutalihitaji baadaye.

Tukumbuke na majira yenyewe. Mwaka 2000 ukame ulikuwa mkali Kenya kiasi kwamba wafugaji wa Kimaasai waliswaga mifugo hadi ndani ya Nairobi, ng'ombe wakala majani ya kando ya barabara na ya bustani za watu. Trans Mara ina neema ya mvua kuliko sehemu nyingine za Umaasaini, lakini hakuna mfugaji aliyetoka kwenye miaka ile bila kuelewa upya thamani ya mnyama aliye hai. Waliotoa Juni 2002 walikuwa wanajua wanatoa nini.

Ubalozi unapiga hesabu ya usafiri

Brencick alipokea kwa heshima na kushukuru. Kisha akaeleza ugumu wa kuwasafirisha ng'ombe hadi Marekani, na wazo lililotolewa likawa kuwauza na kununua vito vya shanga vya Kimaasai vitakavyopelekwa huko viwe kumbukumbu.

Ugumu wenyewe ulikuwa wa kweli. Marekani haijapata mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo tangu 1929, na inaulinda mpaka wake kwa sheria kali. Ng'ombe hai kutoka nchi ambako ugonjwa huo upo hawaruhusiwi kuingia hivi hivi. Kenya ugonjwa upo. Hakuna ofisa ambaye angeweza kuwapandisha ng'ombe wale ndege kwa sababu tu walitolewa kwa moyo safi.

Ila swali la usafiri lilijibu jambo ambalo watoaji hawakuwa na shida nalo. Katika dunia yao, ng'ombe akiwa wako si lazima alale kwako. Ungeweza kusema: tumewapokea, ni wetu, tunaomba mtutunzie. Maneno hayo yangeeleweka na kila mzee aliyekuwa pale, na yangeuweka ubalozi mahali pa rafiki mwenye mifugo katika boma la mwenzake. Kuuza na kununua shanga ni kitu kingine. Shanga ni nzuri, ni kazi ya mikono ya akina mama wa Kimaasai, lakini shanga haizai. Ng'ombe aliyetolewa kuwa rambirambi akipelekwa mnadani anarudi kuwa pesa, na pesa ndiyo kitu ambacho Marekani haikupungukiwa. Mfuko wa serikali yake wa kuwafidia waathirika wa Septemba 11 ulikuja kulipa zaidi ya dola bilioni 7. Weka bei ya ng'ombe 14 kando ya namba hiyo, haitaonekana.

Katika misiba yetu huwa anakaa mtu kwenye meza ndogo karibu na mlango, na daftari la mistari na kalamu iliyofungwa uzi. Mkurugenzi anaingia, anaandikwa laki tano. Anayefuata ni mama anayeuza vitumbua pale kona, amebeba kilo moja ya sukari kwenye mfuko, naye anaandikwa: sukari, kilo 1. Baada yake kijana asiye na kitu; huyo anaulizwa kama anaweza kuchota maji, anachukua ndoo. Mwandishi wa daftari anayejua kazi yake hairuki ile sukari, wala hamwambii yule mama kwamba sukari imeshatosha kwa hiyo airudishe dukani. Anaipokea, inapelekwa jikoni, chai inapikwa. Familia ikiketi baadaye kusoma lile daftari, mara nyingi jina linalowatoa machozi si la mkurugenzi.

Siwalaumu maofisa wa ubalozi kwa ubaya wowote. Walikuwa na adabu, walisafiri, walisimama juani na kusikiliza. Walichokosa ni mtu wa kuwanong'oneza kwamba kupokea nako ni kazi, ina taratibu zake, na kwamba mwenye boma angewafundisha kama wangemuuliza.

Mwishowe ng'ombe hawakuuzwa. Walibaki Enoosaen chini ya uangalizi wa wazee, wakazaana, na miaka michache baadaye kundi lilikuwa limezidi mara mbili ya wale wa mwanzo. Yaani kilichotokea ndicho ambacho desturi ya mahali pale ingependekeza tangu siku ya kwanza.

Haja si deni

Mwanaanthropolojia Lee Cronk wa Chuo Kikuu cha Rutgers amechunguza kwa miaka mingi uhusiano ambao Wamaasai na majirani zao wanauita osotua. Watu wawili wakishaingia humo, mmoja akipatwa na haja ya kweli anamwomba mwenzake. Anaomba kiasi cha haja yake tu, hazidishi. Mwenzake anatoa kama anaweza kutoa bila yeye mwenyewe kuangamia. Hakuna anayeweka kumbukumbu kwamba mimi nimetoa mara tatu, wewe mara moja. Uhusiano huo hurithiwa na watoto. Kando yake lipo deni la kawaida, esile, ambalo lina kiasi chake na ni lazima lirudi. Wamaasai hawayachanganyi mambo haya mawili.

Cronk na mwenzake Athena Aktipis, katika utafiti wa 2011, walitengeneza mfano wa kompyuta wa wafugaji wanaopatwa na majanga ya ghafla. Makundi ya mifugo ya waliosaidiana kwa haja yalidumu muda mrefu kuliko ya wale ambao hawakusaidiana. Mfugaji yeyote angeweza kuwaambia hilo bila kompyuta, lakini nafurahi kwamba lipo kwenye maandishi, kwa sababu wapo wanaoamini ukarimu wa aina hii ni udhaifu wa watu wasiojua hesabu.

Sisemi kwamba Enoosaen na Marekani waliingia osotua. Hakuna aliyeomba, na hakuna aliyemjua mwenzake. Lakini mtu aliyelelewa ndani ya utaratibu huo amezoea kuuliza swali moja akiona aliyepatwa: ana haja? Hajazoea kuanza na hali yake ya benki. Mtu aliyempoteza mke au kaka ana haja, awe anaishi ghorofa ya 40 au kwenye nyumba ya udongo. Haja yake ni kujua kwamba mtu mwingine amekiona kilichompata. Ng'ombe anafanya kazi hiyo vizuri mno, kwa kuwa anayempokea anajua, au angeweza kuelezwa, ni kiasi gani mwenyewe amejinyima.

Ndio maana hoja ya ukubwa wa zawadi haina mashiko kwangu. Ukarimu mdogo kwa mgeni hauzibi pengo lake lote, na aliyeutoa hakudai hivyo. Anayemlipia nauli abiria aliyeibiwa pochi kwenye daladala hamrudishii pochi. Anamfikisha nyumbani.

Swali la Nairobi na Dar es Salaam

Ipo hoja moja nzito kuliko ya utajiri, na lazima ijibiwe. Tarehe 7 Agosti 1998, miaka mitatu kabla ya New York, mtandao uleule wa al-Qaeda ulioshambulia New York ulilipua mabomu kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na 12 tu kati yao walikuwa Wamarekani. Dar es Salaam walikufa 11. Mamia walipofuka, walikatwa viungo, walibaki na vioo mwilini. Familia nyingi za Wakenya ziliendelea kwa miaka kulalamika kwamba fidia haikuwafikia, wakati wapendwa wao walikufa kwa sababu ya kuwa jirani na jengo la watu wengine.

Mkenya aliyempoteza mama yake Agosti 1998 ana haki ya kuuliza: sisi nani alituletea ng'ombe? Swali hilo halina uchoyo ndani yake. Ni swali la haki, na ukarimu wa Enoosaen haulizimi. Hatari ninayoiona ni pale watu wakubwa wanapopenda kisa kama hiki kwa sababu kinawafanya wajisikie wamesamehewa. Rambirambi ya kijiji kimoja si hati ya kufuta madai ya jiji zima.

Lakini pia naona kosa katika kuwaambia watu wa Enoosaen kwamba walipaswa kusubiri mpaka hesabu ya 1998 ifungwe ndipo watoe pole. Mjane wa New York hakuwa mdaiwa wa mtu yeyote wa Nairobi. Aliyefiwa ni aliyefiwa. Wazee walitenganisha mfiwa na serikali yake, na nafikiri walifanya hivyo bila kuhitaji semina, kwa kuwa kila mmoja wao alishawahi kwenda kuzika kwa jirani ambaye wana kesi naye ya malisho.

Jibu la 2006, na jibu la Ireland

Mwaka 2006 ubalozi wa Marekani ulirudi na shukrani: ufadhili wa masomo kwa vijana 14 wa Enoosaen. Nililipenda jibu hili. Limekwenda kwa watoto, limekwenda kwenye kitu ambacho jamii yenyewe inakihangaikia, na limetoka baada ya watu kufikiri. Ni mbali sana na lile wazo la shanga.

Kinachonisumbua ni ile 14. Ng'ombe 14, wanafunzi 14. Aliyepanga hivyo bila shaka alitaka heshima, kila mnyama akumbukwe kwa jina la mtoto mmoja. Lakini hesabu inayolingana hivyo ina harufu ya esile: tumelipa, tumemalizana.

Linganisha na kisa kingine ambacho hakikumalizana. Mwaka 1847, Ireland ikiwa katikati ya njaa kuu iliyokuja kuua watu wapatao milioni moja, Wachoctaw, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa Marekani, walichanga dola 170 na kuzituma. Wachoctaw wenyewe walikuwa wameanza kuhamishwa kwa nguvu kutoka katika ardhi yao mwaka 1831, na maelfu walikufa njiani kwa baridi, njaa na magonjwa. Walikuwa maskini, na waliowachangia walikuwa watu wa mbali wasiowajua. Waairishi wanaikumbuka habari hiyo hadi leo. Mwaka 2017 walizindua sanamu ya kuwaenzi Wachoctaw mjini Midleton, kaunti ya Cork: manyoya tisa makubwa ya chuma yaliyosimama kwa duara mfano wa bakuli. Mwaka 2018 serikali yao ikatangaza ufadhili wa masomo Ireland kwa vijana wa Kichoctaw. Kisha mwaka 2020, korona ilipowakumba vibaya Wanavajo na Wahopi, wenyeji asilia wengine wa kusini-magharibi mwa Marekani, maelfu ya Waairishi wakachangia, wengi wakiandika wazi kwamba ni kwa ajili ya 1847. Wanavajo na Wahopi si Wachoctaw. Hakuna aliyekuwa anawadai Waairishi chochote, na waliochanga walilijua hilo vizuri.

Enoosaen ilistahili kitu cha namna hiyo, na haikuwa vigumu kukipata, kwa sababu kundi lenyewe lilikuwa linaonyesha njia kwa kuzaana. Ningependa ufadhili ule ungefungwa kwenye kundi hai badala ya namba ya siku ya sherehe. Ndama akizaliwa, nafasi ya mtoto mmoja zaidi shuleni. Mvua zikiwa njema, darasa linaongezeka. Mwaka wa ukame wazee na ubalozi wanakaa chini ya mti kuulizana nani ana haja zaidi, watoto wa Enoosaen au wa kijiji cha jirani. Na mara moja kwa mwaka mtu mmoja kutoka New York, mwenye jina la marehemu wake mfukoni, anakuja Trans Mara kuwajulia hali ng'ombe wake.